Siku Jeneza la Baba Liliposimamishwa Mafinga

Baba alifia kwangu Mbeya, mwezi wa nane, wakati upepo wa huko unakausha hata midomo. Alikuwa amekuja kutibiwa, akakaa miezi kadhaa, na kila nilipomletea uji asubuhi alinikumbusha jambo lile lile: akishindwa, nimrudishe nyumbani, kijijini kwetu karibu na Tosamaganga, nimlaze pembeni ya mama. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Ninashona nguo, nina kibanda changu karibu na soko, na suti aliyozikwa nayo niliishona mwenyewe, usiku mmoja kabla ya safari huku majirani wakipika chai nje.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu, mtu wa polepole kuliko wote niliowahi kuwaona. Misa ya kwanza yeye aliingia wakati Injili inasomwa. Mvua ikimkuta uwanjani, wenzake wakikimbilia darasani, yeye aliendelea na mwendo wake, akafika ameloa na hana neno. Mama alikuwa akisema kwamba hata kuposa alichelewa, akakuta mwenzake ameshaleta jembe la posa, ikabidi mama mwenyewe alikatae na kumsubiri yeye.

Baba mdogo alikuja kutoka kijijini kutuongoza. Huyu alikuwa kinyume cha baba kwa kila kitu. Sauti yake inasikika bonde la pili, ni mjumbe wa serikali ya kijiji, na akisema jambo hakai kusubiri jibu. Shangazi, dada yao wa pekee, alikuja naye, amefunga kanga mbili kiunoni na hajaacha kulia tangu Makambako walipopita wakija. Tuliondoka Mbeya alfajiri. Mbele lilikuwa gari dogo la abiria lililobeba jeneza, nikiwa ndani pamoja na baba mdogo na shangazi. Nyuma yetu Coaster ya waombolezaji, na magari mawili ya wenzangu wa jumuiya. Tulifunga matawi mabichi mbele ya boneti na taa zote za hatari zikawa zinawaka.

Padri alikuwa ametupangia misa ya mazishi alasiri. Kaburi lilikwisha chimbwa. Kwetu hatuziki jua likishazama, kwa hiyo njia nzima baba mdogo alikuwa akimhimiza dereva, na dereva, mtu mzima wa Mbeya aliyezoea misiba, alikuwa akiitikia "ndiyo mzee" bila kuongeza mwendo hata kidogo.

Moshi tuliuona mapema, kabla ya nyumba za kwanza za Mafinga. Ulikuwa mweusi, umesimama juu ya misonobari halafu unalazwa na upepo kuelekea mjini. Shangazi alidhani ni watu wanachoma shamba. Dereva akasema hapana, moshi wa shamba ni mweupe, huo ni moshi wa mbao na mafuta.

Kisha tukakuta foleni. Malori ya kwenda Dar es Salaam yalikuwa yamesimama upande wetu wote, injini zimezimwa, madereva wamekaa kivulini mwa matairi. Lakini kuna heshima moja ambayo sijaiona ikikosekana kwenye barabara ile. Walipoyaona matawi wakajua tumebeba nini. Mmoja baada ya mwingine waliwasha na kusogea pembeni, wengine wakashuka wakavua kofia, na sisi tukapita upande wa kulia polepole mpaka tukafika mbele kabisa.

Hapo ndipo aliposimama askari mmoja wa zimamoto.

Alikuwa mwanamke, mfupi, amevaa lile koti zito la zimamoto linalofika karibu na magoti, na kofia ngumu. Uso wake ulikuwa na masizi mpaka shingoni. Alisimama katikati ya lami, viganja vyote viwili juu. Nyuma yake, zimekatiza barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, zililala njia mbili za mipira ya maji, zimejaa na kukakamaa. Upande wa kushoto kulikuwa na kiwanda cha kuchana mbao chenye tangi kubwa la maji, na pampu ilikuwa ikinguruma pale. Upande wa kulia karakana za mafundi seremala zilikuwa zinawaka. Maranda yalikuwa yakiruka hewani yakiwa na moto, kama nzige.

Dereva wetu alisimama. Baba mdogo akateremsha kioo.

"Dada, fungua njia. Tuna marehemu."

"Poleni sana, baba. Poleni na msiba." Akasogea karibu na dirisha. "Lakini gari halipiti hapa mpaka tumalize."

"Mtamaliza lini?"

"Sijui, baba. Moto haujatuambia."

Baba mdogo alifungua mlango akashuka. Nilijua hasira zake, nikashuka upande wa pili. Joto la moto lilinipiga shavuni ingawa tulikuwa mbali nao.

"Unajua unachokifanya?" baba mdogo alimwuliza. "Hata vita ikipiganwa, maiti inapishwa. Malori yote yale yametupisha. Wewe ni nani?"

"Mimi ni askari wa zimamoto, baba, na nimewekwa kulinda hii mipira. Sheria haituruhusu kumpitisha mtu yeyote juu yake. Awe na msiba, awe na harusi, awe mkubwa wa serikali."

"Ni mpira tu! Gari lina matairi, litapanda na kushuka."

Yule askari hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mtaro. Pale kulikuwa na kipande cha mpira kimetupwa, kimepasuka ubavuni, bado kinachuruzika maji.

"Huo ni wa kwanza," alisema. "Kabla hamjafika alikuja mtu na pikapu, akanizunguka, akapita kwa nguvu. Mwenzangu alikuwa ndani kule, ameshika ncha ya mpira mbele ya moto. Maji yakakatika mkononi mwake. Ametoka akitambaa, viganja vimeungua. Wamemfunga bandeji, na sasa ameingia mwingine mahali pake. Baba, mimi huyu wa pili sitamkatia maji."

Baba mdogo hakukubali. Alikuwa anatafuta mahali pa kumshika. Akampata.

"Na ingekuwa gari la wagonjwa? Ungeliacha hapa?"

"La wagonjwa ningemwita kamanda kwenye redio, wangetoka wote ndani kwanza, maji yangefungwa, likapita. Ndivyo tulivyoelekezwa. Kwa sababu mgonjwa ana haraka." Akasita. Nadhani alijua neno linalofuata lingeumiza, lakini lilikwisha fika mdomoni. "Marehemu, baba, hana haraka."

Watu walikuwa wameshuka kwenye Coaster na kutuzunguka. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Kijana mmoja wa ukoo wetu alisema "huyu mwanamke ana kiburi," na mwingine akasema tupite tu, atafanya nini. Baba mdogo alikuwa ameinua kidole. Yule askari alirudi hatua moja nyuma, si kukimbia, bali ili mipira iwe karibu na visigino vyake. Alikuwa peke yake. Hakuwa na silaha yoyote. Sisi tulikuwa wengi na tulikuwa na uchungu, na watu wenye uchungu hawaoni vizuri. Hakutoka.

"Nisameheni," alisema. "Nimesema vibaya. Lakini hapa sitoki."

Ndipo tukasikia shangazi anacheka. Alikuwa amekaa bado ndani ya gari, mkono juu ya jeneza, machozi yanamtiririka, na anacheka.

"Mwacheni mtoto wa watu," alisema. "Kasema kweli. Kaka yangu alikuwa na haraka lini?"

Sijui nieleze vipi kilichotokea hapo. Watu wa ukoo walitazamana. Mzee mmoja aliyesoma na baba akaanza kutikisika mabega, halafu wenzake, na baada ya muda kidogo tulikuwa tunacheka na kulia katikati ya barabara kuu, huku karakana zinaungua pembeni yetu. Baba mdogo peke yake hakucheka, lakini kile kidole alikishusha.

Bado tatizo lilikuwepo. Mmoja alishauri turudi nyuma, tuzunguke kwa njia za shamba la miti. Wazee walikataa papo hapo. Kwetu maiti iliyokwisha anza safari ya nyumbani haigeuzwi. Fundi mmoja, nywele zimejaa vumbi la mbao, alishauri walaze mabanzi mazito pande zote za mipira wafanye kama daraja. Askari alilifikiria hilo kwa uzito, akainama akapima kwa jicho, kisha akatikisa kichwa.

"Gari lenu dogo labda lingepita. Lakini likipita lenu, na lile la nyuma lina sababu yake. Nyuma yenu kuna malori. Nikifungua kwa mmoja nimefungua kwa wote."

"Na kwa mguu?" shangazi aliuliza. Sasa alikuwa ameshuka, anajifunga kanga upya.

Askari akachukua redio yake, akageuka kando, akaongea. Tulimsikia akisema "wafiwa" na "jeneza" na "ukingo wa kushoto". Akasubiri. Kisha akaturudia.

"Kamanda anasema kwa mguu ruksa. Mpite ukingo ule wa kiwandani, upepo unapeleka moshi kule kwingine. Ila mnyanyue miguu. Asikanyage mtu, na jeneza lisishushwe hapo katikati."

Wanaume wa ukoo walianza kulitoa jeneza. Walikuwa wachache wenye nguvu, wengi wetu tulikuwa wanawake na wazee. Hapo wakaja madereva wa malori. Hakuna aliyewaita. Walikuja wakiwa na fulana zao na kandambili, mmoja anajifuta mikono yenye grisi kwenye suruali, wakauliza tu, "Tushike wapi?" Wakaja pia mafundi seremala wawili ambao karakana zao zilikuwa ndani ya ule moshi, ambao hawakujua kama watakuta hata msumari, na wao wakaweka mabega. Wanawake tukaanza wimbo. Ulianza vibaya, kila mtu na sauti yake, ukaja kukaa sawa tulipofika kwenye mipira.

Nilipita nyuma ya jeneza. Nilipoinua mguu kuvuka mpira wa kwanza niliutazama vizuri. Ulikuwa unatetemeka wote, kwa urefu wake wote, kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakikimbia ndani yake kwenda kwa mtu nisiyemwona. Nikauvuka kama unavyomvuka mtoto aliyelala. Nikauvuka na wa pili. Mbele yangu wanaume wanane au zaidi walikuwa wanainua miguu yao juu kwa pamoja, mmoja akihesabu kwa sauti, na baba juu yao, polepole, kwa mwendo wake mwenyewe.

Yule askari alivua kofia yake. Alikuwa amesuka mistari. Paji la uso lilikuwa safi pale kofia ilipokuwa imekaa, na chini yake yote meusi. Alisimama wima mpaka mtu wa mwisho akavuka, halafu akaivaa tena na kugeuka kutazama malori.

Ng'ambo ya pili foleni ilikuwa ndefu vile vile, na trafiki mmoja alikuwa anaizuia. Tuliliweka jeneza kwenye benchi zilizoletwa na mama mmoja wa mgahawa. Sasa tulikuwa na marehemu lakini hatuna gari. Lilikuwepo Fuso moja tupu, limetoka Iringa kuja kupakia mbao. Dereva wake alitutazama kwa muda, akazima sigara.

"Kupakia leo sipakii tena," alimwambia trafiki. "Nisaidie nigeuze."

Ndivyo baba alivyofika nyumbani, juu ya Fuso la mbao, katikati ya harufu ya msonobari. Wazee walikaa mbele, sisi wengine tukakaa kwenye bodi tukilishika jeneza lisiteleze. Upepo ulikuwa mkali. Shangazi alinifunika kanga yake moja. Baba mdogo alikataa kukaa mbele. Alikaa nasi, mgongo kwenye bodi, na kutoka Mafinga mpaka njia ya kuchepuka kwenda misheni hakusema neno hata moja. Padri alitusubiri. Tulimzika jua likiwa limekaa juu ya kilima, bado zima. Coaster na magari mengine yalifika baadaye kabisa, watu wakiwa wanakula. Madereva wake ndio waliotuletea habari: moto umezimwa, karakana kadhaa zimekwisha, lakini haukuvuka kwenda kwenye nyumba za watu nyuma yake, na hakuna aliyekufa.

Dereva wa Fuso alikaa akala nasi. Alipoondoka, baba mdogo alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo huwafanyia wageni wachache sana.

Nilirudi kijijini kwa ajili ya arobaini. Kesho yake kulikuwa na mkutano wa kijiji, nami nikaenda kukaa na shangazi upande wa wanawake. Kijiji chetu kimepakana na miti, na kila kiangazi kuna mahali panawaka. Mtendaji alileta tena sheria ndogo ambayo ilikuwa imekwama kwa muda mrefu. Ilisema mtu asirundike matofali, kuni wala mbao kwenye njia ya kwenda msituni; asifuate gari la zimamoto kwa pikipiki ili kupiga picha; asikae kwenye njia ya watu wanaozima moto, wala kugusa vyombo vyao. Shangazi aliniinamia sikioni akaniambia kwamba aliyeikwamisha mara zote ni baba mdogo. Alikuwa akisema ni kuwaonea wananchi. Na ukweli mwingine, tanuri lake la matofali liko ukingoni mwa njia hiyo hiyo, na matofali yakishaiva huwa yanamwagika mpaka katikati.

Baba mdogo alisimama. Watu wakajiandaa kwa hotuba ndefu.

"Ndugu zangu, mimi hii sheria niliipinga," alisema. "Leo naiunga mkono. Matofali yangu nimeanza kuyahamisha jana, mkipita mtaona."

Mzee mmoja akauliza, kwa utani nusu na kwa kweli nusu, "Hata mtu akiwa na msiba asipite?"

"Hasa mwenye msiba," baba mdogo alijibu. "Mwenye msiba ndiye anayejua uchungu wa kumpoteza mtu. Sasa atakuwaje yeye wa kumwua mwingine?" Akawageukia vijana. "Nilizuiwa na binti ambaye ningeweza kumzaa. Alikuwa peke yake. Nilimtisha, hakutishika. Ningependa na sisi tuwe na watu wa namna ile." Akakaa.

Sheria ilipita kwa kunyoosha mikono. Wanawake niliokaa nao waliinua mapema kuliko wote.

Nikirudi Mbeya nilishuka Mafinga. Nilikuwa nimembebea yule askari kitambaa nilichokishona, kitenge cha kujifunga kichwani, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ile mistari yake. Kituoni kwao nilieleza ninayemtafuta, wakanielekeza nyuma. Nilimkuta na wenzake wanaosha gari, amekunja suruali, miguu iko kwenye matope. Hakunitambua. Nilipomsalimia "kamwene", salamu ya kwetu, aliitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu yeyote, akaendelea kusugua tairi. Nikamwambia mimi ni wa lile jeneza.

Akaacha brashi.

"Dada," alisema, "mlifika? Mlimzika mchana?"

"Tulimzika mchana."

Alifunga macho kidogo. Aliniambia siku ile aliporudi nyumbani alishindwa kula. Alikuwa ameokoa mipira, wakubwa wake wakamsifu, na yeye alikuwa anafikiria wale wazee na jua, kama waliwahi. Alikuwa amemwambia mume wake, "Leo nimemzuia mtu aliyekufa." Kisha akaniuliza kuhusu yule mzee mwenye sauti kubwa, kama bado amekasirika.

Nikamweleza habari ya mkutano na ya matofali. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwita mwenzake mmoja aliyekuwa juu ya gari anakunja mipira. Kijana akashuka. Viganja vyake vilikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya rangi ya waridi, na alinipa mkono kwa uangalifu.

"Mwambie na huyu," yule askari aliniomba. "Mwambie yote, kuanzia mwanzo."

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikaanza.